Tanzania na haki ya jinai ya kimataifa: mwenyeji wa kesi za majirani

Tanzania imeishi na haki ya jinai ya kimataifa kwa sura mbili. Kwanza ni mwenyeji: nchi iliyotoa ardhi, gereza, majaji na askari ili wakubwa waliomwaga damu katika nchi jirani wahukumiwe. Pili ni mwanachama: nchi iliyosaini na kuridhia Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), lakini hadi leo haijatunga sheria ya kuutekeleza nyumbani. Wengi huitazama historia hiyo kutoka Arusha, mahakama zilipo. Ukiitazama kutoka Mwanza na ufukwe wa Ziwa Victoria utaona zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilipita majini.

Nchi tatu zinazogawana ziwa, yaani Tanzania, Uganda na Kenya, zote ni wanachama wa ICC. Ukiupanda Mto Kagera kuelekea kwenye vyanzo vyake, hali inabadilika: Rwanda haikujiunga kamwe, na Burundi ilijitoa tarehe 27 Oktoba 2017. Maji ni yaleyale, ila mamlaka ya mahakama hukatika katikati ya mto.

Makosa yanayohusika

Haki ya jinai ya kimataifa humshtaki mtu kwa jina lake; nchi haipandishwi kizimbani. Mkataba wa Roma unataja makosa manne: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na uhalifu wa uchokozi. La mwisho humhusu kiongozi anayelituma jeshi lake kuivamia nchi nyingine kinyume cha sheria. Neno "kimbari" limezaliwa na "mbari", yaani ukoo, na linabeba kiini cha kosa lenyewe: nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake.

Ukatili peke yake haulifanyi kosa kuwa la kimataifa. Kanda ya Ziwa inalijua hilo kwa uchungu. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo Mwanza, Shinyanga na Geita. Vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, ushahidi pekee ukiwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Kesi hizo husikilizwa na Mahakama Kuu kama mauaji ya kawaida. Ili yaitwe uhalifu dhidi ya binadamu, mauaji lazima yawe sehemu ya shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia, tena kwa kufuata sera ya dola au ya kikundi kilichojipanga. Haya ya Kanda ya Ziwa yalisukumwa na ushirikina na biashara ya viungo.

Ugaidi nao haumo katika orodha ya Roma. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 11, lakini washtakiwa wake, Watanzania wakiwemo, walihukumiwa New York kwa sheria za Marekani.

Mabomu ya Saanane, 1979

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi la Wananchi lilijibu, likawatoa wavamizi, kisha likasonga hadi Kampala na kuiteka tarehe 11 Aprili 1979.

Siku chache kabla ya Kampala kuanguka, vita iliifikia Mwanza kwa njia ya anga. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji. Ilikosa shabaha. Mabomu yaliangukia Kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo iliyo mkabala na Capri Point, yakaua wanyama. Leo kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa, na mtalii huvuka kwa boti kwa dakika chache kwenda kuwatazama pimbi na pundamilia kwenye miamba.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa vita hiyo. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Tangu mahakama za Nuremberg na Tokyo zifungwe baada ya Vita Kuu ya Pili, dunia haikuwa na chombo cha kumhukumu mtu kwa uchokozi. Pengo hilo lilianza kuzibwa ufukweni mwa ziwa hilohilo. Kuanzia 31 Mei hadi 11 Juni 2010 wanachama wa ICC walikutana Munyonyo, Kampala, wakakubaliana tafsiri ya kosa la uchokozi. Mahakama ilipata mamlaka juu yake tarehe 17 Julai 2018. Hata hivyo ICC hairudi nyuma ya 1 Julai 2002, siku Mkataba wa Roma ulipoanza kazi, kwa hiyo mabomu ya Saanane yamebaki mikononi mwa wanahistoria.

Mto Kagera, 1994

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda alikuwa akirejea Kigali kutoka mkutano wa viongozi wa kanda uliofanyika Dar es Salaam. Ndege yake ilidunguliwa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Mkataba wa amani ambao ungeyazuia ulikuwa umesainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Tanzania, iliyosimamia mazungumzo hayo, ikajikuta inapokea matokeo ya kuvunjika kwake.

Matokeo ya kwanza yaliletwa na maji. Miili iliyotupwa mitoni nchini Rwanda ilipita chini ya daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, ikafuata Kagera mpaka mto unapomwaga maji ziwani, upande wa Uganda. Wavuvi na wanavijiji waliiopoa na kuizika. Katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo wamelala watu zaidi ya 10,000. Kando ya ziwa watu wengi waliacha kula samaki kwa muda, na mvuvi aliyetoka kutega nyavu usiku akakosa mnunuzi asubuhi.

Matokeo ya pili yalikuja kwa miguu. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Eneo la Benaco, lililokuwa pori na bwawa, likageuka mji wa mahema.

Wengi wa waliovuka walikuwa wakikimbia vita, lakini miongoni mwao walikuwamo waliopanga na kuongoza mauaji. Viongozi wa vijiji na wa komuni (maeneo ya utawala ya Rwanda) walipanga watu wao kambini kama walivyowapanga nyumbani, na mgao wa chakula ukapitia mikononi mwao. Juni 1994, mashirika ya misaada yalipotaka kumwondoa Benaco Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa mkuu wa komuni ya Murambi, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi hao, na polisi wa Tanzania wakalazimika kufyatua risasi hewani. Gatete aliondoka. Alikamatwa miaka minane baadaye Congo-Brazzaville, akaletwa Arusha, na mwishowe akafungwa miaka 40.

Arusha

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 8 Novemba 1994. Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha. Kesi zilisikilizwa katika jengo la Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), na mahabusu walikaa katika kituo maalumu ndani ya eneo la Gereza la Kisongo, nje kidogo ya mji. Hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa imewashtaki watu 93. 62 walipewa adhabu na 14 waliachiwa huru. Mashahidi zaidi ya 3,000 walitoa ushahidi.

Hukumu mbili kati ya nyingi zilibadili sheria ya dunia. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni nchini Rwanda, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na majaji wakasema ubakaji nao unaweza kuwa silaha ya kosa hilo. Tarehe 24 Juni 2011 jopo lililoongozwa na jaji wa Tanzania, William Hussein Sekule, lilimhukumu Pauline Nyiramasuhuko, mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Alikuwa waziri wa masuala ya familia na wanawake.

Kesi iliyo karibu zaidi na ziwa ni ya Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo, ng'ambo ya daraja. Katikati ya Aprili 1994 watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye waliuawa kwa maelfu. Mahakama ilithibitisha kwamba Gacumbitsi aliongoza mashambulizi na kuzunguka na gari akitumia kipaza sauti kuchochea wanawake wa Kitutsi wabakwe. Baada ya hapo aliingia Tanzania pamoja na wakimbizi. Kwa miaka saba aliishi humu. Alikamatwa Juni 2001 katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma, akapelekwa Arusha, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2004. Alikata rufaa, mwaka 2006 majaji wa rufaa wakaipandisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kosa, maficho, kukamatwa na hukumu, vyote vilitokea ndani ya eneo ambalo basi hulivuka kwa siku mbili au tatu.

Kazi iliyosalia ilirithiwa na Mfumo wa Kimataifa wa Masalia ya Mahakama za Jinai, ulioanza Arusha tarehe 1 Julai 2012 na kupata majengo yake Lakilaki mwaka 2016. Uenyeji ulikuwa na mizigo isiyotarajiwa pia. Baadhi ya walioachiwa huru hawakuwa na nchi ya kuwapokea, wakabaki Arusha miaka mingi, mpaka walipohamishiwa Niger pamoja na wenzao waliomaliza vifungo, jumla yao wanane, Desemba 2021.

Uwanja wa ndege wa Mwanza

Mwaka 2004 mwongozaji filamu Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu *Darwin's Nightmare* kuhusu biashara ya sangara. Ilidokeza kwamba baadhi ya ndege za mizigo zilizobeba minofu kutoka Mwanza kwenda Ulaya zilihusika pia kuleta silaha katika vita vya Afrika. Serikali ilikanusha vikali, na Rais Jakaya Kikwete aliilaani filamu hiyo hadharani mwaka 2006.

Ubishi huo uligusa swali la kisheria ambalo halijapoteza uzito. Chini ya Mkataba wa Roma, mtu anaweza kuwajibika bila kushika bunduki, ikiwa alimsaidia mhalifu kwa kumpa nyenzo ili kosa litendeke. Bila ushahidi wa shehena maalumu, mpokeaji maalumu na nia ya mtumaji, tuhuma za aina hiyo hazifiki kortini. Za Mwanza hazikufika.

Mkataba wa Roma katika sheria za Tanzania

Tanzania ilisaini Mkataba wa Roma tarehe 29 Desemba 2000 na kuuridhia tarehe 20 Agosti 2002. Ukaanza kuibana tarehe 1 Novemba mwaka huo. Lakini nchini Tanzania mkataba ulioridhiwa na Bunge kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba hauwi sheria ya mahakamani mpaka Bunge hilo litunge sheria ya kuutekeleza, na sheria hiyo haijatungwa. Kenya ilitunga yake mwaka 2008, Uganda mwaka 2010. Uganda ina hata kitengo cha Mahakama Kuu cha makosa ya kimataifa, ambacho mwaka 2024 kilimfunga miaka 40 Thomas Kwoyelo, kamanda wa waasi wa Lord's Resistance Army (LRA).

Tofauti hiyo inashikika zaidi kwa mfano wa kubuni. Tuseme mtuhumiwa wa mauaji ya halaiki kutoka nchi ya jirani anashuka leo katika mwalo wa Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa na wapakuzi wanaokimbizana na malori. Mtu anamtambua, anapiga simu polisi. Akiwekwa mahabusu, wakili wa serikali atamwandikia shtaka gani? Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, lakini mamlaka yake kwa kawaida huishia kwenye makosa yaliyotendwa ndani ya nchi. Mauaji yaliyofanywa na mgeni dhidi ya wageni ng'ambo ya mpaka hayaingii humo. Inabaki sheria ya kubadilishana wahalifu, Sura ya 368, iliyotungwa kwa ajili ya nchi na nchi. Ikiwa anayemtaka ni ICC, hakuna sheria mahususi inayomwambia hakimu wa Mwanza hatua za kumkabidhi.

Jambo la namna hiyo liliwahi kutokea. Meja Bernard Ntuyahaga wa jeshi la Rwanda, aliyehusishwa na mauaji ya askari kumi wa Ubelgiji wa kulinda amani, alijisalimisha kwa mahakama ya Arusha mwaka 1998. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka aliomba kuiondoa kesi yake na majaji wakakubali. Tanzania ilimkamata upya, Rwanda ikamtaka, mahakama ya Dar es Salaam ikakataa ombi hilo. Miaka ikapita bila shauri la msingi kusikilizwa. Alikwenda Ubelgiji mwaka 2004, na mwaka 2007 akahukumiwa huko miaka 20.

Ugumu mwingine umo ndani ya Katiba. Ibara ya 46 inamkinga Rais aliye madarakani dhidi ya mashtaka ya jinai mahakamani. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Roma inasema cheo hakimkingi mtu yeyote, awe mkuu wa nchi au mbunge. Atakayeandika muswada wa utekelezaji itambidi aanzie hapo.

Katika siasa za Afrika

Mwaka 2008, Kikwete akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, mwendesha mashtaka wa ICC aliomba hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir wa Sudan. Umoja huo ulilitaka Baraza la Usalama liahirishe shauri hilo kwa hoja kwamba lingeharibu juhudi za amani Darfur. Hati ilitolewa Machi 2009, na Julai mwaka huo wakuu wa nchi waliokutana Sirte, Libya, waliazimia kutoshirikiana na mahakama katika kumkamata.

Kesi za ICC dhidi ya viongozi wa Kenya zilileta mvutano karibu zaidi. Mwaka 2013 majaji wa ICC walifikiria kufungulia kesi ya Naibu Rais William Ruto nchini Kenya au Arusha badala ya The Hague. Kikao cha majaji wote kikakataa. Mwaka huohuo Tanzania iliungana na Rwanda, Burundi, Uganda na Eritrea kuwasilisha maoni mbele ya majaji wa rufaa, zikitetea kwamba kiongozi aliye madarakani aruhusiwe kutohudhuria kila kikao. Kesi ya Rais Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016.

Wakati msimamo wa kisiasa ukielekea kuwakinga viongozi, askari wa Tanzania walikuwa wakifa kwa makosa ambayo mahakama hiyo iliundwa kuyashtaki. Kuwashambulia walinda amani ni uhalifu wa kivita chini ya Mkataba wa Roma. Tarehe 13 Julai 2013 saba waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa, wakauawa zaidi ya kumi.

Afrika ilijaribu kujijengea mlango wake. Itifaki ya Malabo ya Juni 2014 inataka mahakama ya Afrika ipewe mamlaka ya jinai, huku ikiwakinga wakuu wa nchi walio madarakani. Inahitaji nchi 15 kuiridhia na bado haijaanza kazi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha haihukumu wahalifu; husikiliza malalamiko dhidi ya nchi. Mwaka 2010 Tanzania iliruhusu watu binafsi kuifikia moja kwa moja, na wafungwa wakaitumia nafasi hiyo, wakiwemo wa Gereza Kuu la Butimba, Mwanza, waliodai kwamba kesi zao hazikuendeshwa kwa haki. Novemba 2019 Tanzania ikaiondoa ruhusa hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa maombi mapya.

Oktoba 2025 na baada yake

Kwa miongo mitatu makosa yaliyozungumzwa yalikuwa ya majirani. Hali ilibadilika baada ya uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Maandamano yalizuka katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatolewa, na watu wakapigwa risasi. Upinzani na mashirika ya haki za binadamu walitaja mamia ya waliouawa. Serikali ilizipinga hesabu hizo. Novemba 2025 mawakili na mashirika kadhaa yalipeleka taarifa kwa mwendesha mashtaka wa ICC.

Taarifa ya namna hiyo si kesi. Yeyote anaweza kuituma, na mwendesha mashtaka huipima kwanza: je, yaliyotokea yanafikia kiwango cha shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia? Kisha anauliza swali la pili, ambalo ndilo msingi wa mfumo mzima: je, nchi yenyewe inachunguza na kushtaki kwa dhati? ICC ni mahakama ya akiba. Huingia pale tu ambapo mwenye nyumba hataki au hawezi.

Novemba hiyohiyo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi na kumteua Mohamed Chande Othman kuwa mwenyekiti. Ni Jaji Mkuu mstaafu, lakini kabla ya cheo hicho aliongoza mashtaka katika mahakama ya Arusha, kisha akawa mwendesha mashtaka mkuu wa Umoja wa Mataifa Timor ya Mashariki. Kazi aliyoifanya kwa Wanyarwanda na Watimori, ya kutafuta nani alitoa amri, nani aliitekeleza na nani aliuawa, safari hii alitakiwa kuifanya kwa Watanzania, wakiwemo wa Mwanza.